Ua Alilotengeneza Mama Weston

Mapenzi ya watoto wa darasa la nane katika mji wetu hayafiki popote bila pikapu yangu. Wana miaka kumi na mitatu, leseni hawana, na kutembea kwa miguu katika jua hili la Texas hakuna anayekutaka. Kaka yangu Leonard, baba yake Adelyn, husema amechoka. Mkewe amechoka kweli, kwa hiyo hasemi. Ndiyo maana kila Ijumaa jioni mimi, Georgene Hruska, mwanamke niliyeolewa mara moja na kutosheka, humchukua Adelyn kwao, nikampitia mpenzi wake Weston Orsak kwao, nikawaweka kiti cha nyuma. Wakishakaa hunisahau kabisa. Nadhani huamini usukani unajizungusha wenyewe.

"Wiki hii ni zamu yako kuamua tunakwenda wapi," Adelyn alimwambia Ijumaa moja, mwanzoni mwa mwaka wa shule.

"Twende kwa babu basi. Bwawani. Tukavue kambare."

"Weston."

"Nini?"

"Usawa siyo kumburuta mwenzako mahali asipopapenda. Mimi kambare nawaonea kinyaa."

"Wiki iliyopita si tulikwenda kumsikiliza binamu yako akipiga filimbi? Mpaka makalio yakafa ganzi."

"Ile ilikuwa zamu yangu, na wewe uliniheshimu. Sasa na leo niheshimu."

Nikamwona Weston kwenye kioo akijikuna goti. Ni mtoto mkubwa wa mwili, mpole, mwenye masikio yanayosema kila kitu kabla ya mdomo.

"Sasa niamue nini?"

"Chochote! Uko huru. Ila kiwe kitu ambacho na mimi nakipenda."

"Kama aiskrimu?"

"Shangazi!" Adelyn akanigonga begani. "Weston ameamua tule aiskrimu. Umeona, Weston? Hivi ndivyo watu wanavyoamua pamoja."

Nikakata kona kwenda kwenye aiskrimu huku nimeuma mdomo nisicheke.

Usidhani simpendi. Adelyn ni mboni ya jicho langu, na kichwa chake kinachemka kuliko vichwa vya ukoo wetu wote tukivijumlisha. Hayo ya usawa aliyapata katika somo la afya, linalofundishwa na Kocha Pavelka. Kocha wa mpira shuleni kwetu lazima apewe somo lolote la kufundisha, na afya ndilo hubaki. Siku moja aliwauliza watoto: usawa kati ya mvulana na msichana wanaopendana ni nini? Hakuna aliyeupinga, maana hata mtoto mzito hujua jibu linalotakiwa. Brynlee alisema usawa ni kila mmoja kujua neno la siri la simu ya mwenzake. Rhett, anayejiona jogoo wa Timu B ya mpira, alisema usawa ni msichana naye awe anafungua mlango wa gari. Hakuna hata mmoja wao mwenye gari. Kisha Adelyn akasimama, akasema hakuna kazi ya kike wala ya kiume, kila mtu atumie mikono yake na kila mtu apewe sifa yake, akaendelea hivyo hadi kengele ikalia.

Jumapili baada ya misa Kocha alinishika mkono pale mlangoni. "Bi Georgene, huyu mtoto wenu ndiye gavana tunayemsubiri."

Leonard aliposikia, kichwa kilivimba. Tulikuwa mezani kwake, tunakula nyama ya kuchoma na vikate vya kolache vya aprikoti. "Binti yangu hatakuwa kijakazi wa mwanaume yeyote," alitangaza, akakisukuma kikombe chake hadi ukingoni mwa meza bila kukitazama. Mkewe akainuka, akakijaza kahawa.

Ikawa inakaribia Ijumaa ya Marejeo, siku ambayo wote waliowahi kusoma hapa hurudi kutazama vijana wetu wakipigwa mpirani na vijana wa mji wa jirani. Siku hiyo msichana mwenye mpenzi huvaa ua kifuani. Nasema ua kwa sababu katikati lipo, la kitambaa, kubwa kama sahani. Lakini kutoka hapo zinashuka tepe hadi magotini, zilizosukwa na zisizosukwa, na njuga, na vidubu, na majina ya wapenzi kwa herufi za kumetameta. Msichana akipita, unamsikia kabla hujamwona. Mvulana naye hupewa ua lake dogo, la kuvaa juu ya kiwiko.

Kwa desturi mvulana humtengenezea msichana, na msichana humtengenezea mvulana. Maana yake mama wa mvulana ndiye anayeungua vidole na gundi ya moto wiki nzima, na mama wa msichana vilevile. Wapenzi wawili, mama wawili wenye plasta. Wale wasio na nafasi huja gerejini kwangu, na mimi huishi kwa kazi hiyo kuanzia shule zikifunguliwa hadi msimu wa mpira unapopoa.

Adelyn alipitisha sheria mpya akiwa kiti cha nyuma. "Mwaka huu hakuna mama. Mama kumfanyia mwanawe kazi ni unyonyaji. Wewe utatengeneza langu kwa mikono yako, mimi nitatengeneza lako kwa mikono yangu."

"Mimi?" Weston akauliza.

"Kwani mikono huna?"

"Ninayo."

"Basi."

Siku ya pili yake, nikiwa gerejini nimezungukwa na mabunda ya tepe, nikasikia mtu anakohoa mlangoni. Weston, kofia mkononi.

"Bi Georgene, samahani. Unaweza kunifundisha?"

"Mama yako yuko wapi?"

"Hospitali, zamu zimembana. Na Adelyn kasema bila mama."

"Na wavulana wenzako wakijua?"

Masikio yakawaka. "Wakijua watanimaliza, Bi Georgene."

"Sasa?"

Alizungusha kofia mkononi. "Nataka liwe zuri sana mpaka wasiwe na la kusema. Halafu watu wakiuliza ni nani, Adelyn aseme ni mimi. Yeye akisema, hawatacheka. Yeye hakuna anayemcheka."

Nilimtazama. Mtoto huyu kwenye mpira ni wa benchi, tena benchi la Timu B. Hesabu zinamtoa jasho. Kanisani alijaribu kuimba, tukamwomba apumzike. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kitu alichofanya ni kizuri. Nikamsogezea kiti.

Siku za kwanza aliharibu tepe za kutosha kufunga ng'ombe. Gundi ilimbabua, akaruka, akatukana kidogo, akasema samahani mama, akarudia. Halafu vidole vikashika njia. Vile vidole vinene, nilivyodhani vitakanyagana, vilianza kusuka taratibu, safi, kila mkunjo sawa na mwenzake. Alivumbua msuko wake mwenyewe, tepe nne zikipishana, na katika kila tundu akaficha njuga ndogo. Nimefanya kazi hii tangu sijaota mvi na sikuwa nimefikiria kuzificha njuga ndani.

Akapata hata ujasiri wa kunikosoa. "Bi Georgene, mbona mafundo yako yanalala upande mbaya?"

"Natumia mkono wa kushoto, wewe. Hayo ndiyo sahihi yangu. Katika mji huu ukiona fundo limelala kushoto, limetoka gereji hii."

Akacheka. Akawa anachungulia kila ua lililokuwa mezani kutafuta mafundo yangu, kama mtoto aliyefundishwa mchezo.

Adelyn, kwa upande wake, alikuwa na mashindano ya mdahalo. Mada yao ilikuwa kwamba kazi za nyumbani zigawanywe sawa kati ya mke na mume. Alikuwa akisoma hadi anapitiwa na usingizi na karatasi usoni. Alhamisi, siku moja kabla ya Marejeo, akaingia gerejini mbio na mkoba mgongoni.

"Shangazi, niokoe. Ua la Weston."

"Lile la kutengeneza wewe?"

"Sijapata muda! Unajua nina mdahalo."

"Si ulisema kwa mikono yako?"

"Nimechagua rangi mwenyewe," alisema, na akaniwekea mezani tepe mbili za bluu. Alikuwa hatanii.

Ningemkatalia. Lakini nilimfikiria Weston akiingia uwanjani mkono mtupu, nikaketi nikalitengeneza. Adelyn alikaa karibu yangu akinisomea hotuba yake juu ya wanawake wanaofanya kazi bila kutambuliwa. Ni hotuba nzuri, aliisoma kwa hisia. Nilipomaliza alinibusu shavuni, akaondoka nalo.

Ijumaa hiyo uwanja ulikuwa unalia njuga kila upande. Weston alikuwa ameshampelekea Adelyn ua lake asubuhi, na nilipofika nilimkuta Adelyn amesimama chini ya jukwaa, wasichana wamemzunguka kama nyuki. Sisemi kwa kujipendelea kwamba nilifundisha mimi, lakini maua mengine yote uwanjani yalionekana kama mapazia yaliyoanguka. Tepe za Weston zilishuka kama maji, na Adelyn akipumua tu, njuga zililia kutoka ndani ambako huzioni.

Niliketi ngazi ya nyuma yao na soda yangu ya ndimu. Weston alisimama kando ya Adelyn, ua langu juu ya kiwiko chake, na masikio yamekaa tayari.

"Wewe! Huu msuko nimeuona wapi?" Brynlee alisema akishika tepe. "Hakuna dukani. Adelyn, nani katengeneza hili?"

Weston alimgeukia Adelyn. Ila Rhett na wenzake wawili wa Timu B walikuwa wamefika nyuma yake wakitafuna karanga, na Rhett alishaanza kutabasamu.

"Ndiyo, nani?" Rhett akasema. "Usituambie ni bwana harusi mwenyewe. Weston, mwanangu, unashona na magauni?"

Vijana wakaangua kicheko. Adelyn aliwatazama wale wavulana. Akamtazama Weston. Ilikuwa ni kufumba na kufumbua tu, lakini mimi namjua, niliona akipiga hesabu.

"Acheni ujinga," alisema. "Katengeneza mama yake."

"Ahaa! Mama Weston ana mikono!" Brynlee akasema, na wote wakakubali kwamba Mama Weston ana mikono.

Najua alivyojiambia: kwamba amemwokoa. Huenda kweli alimwokoa. Na huenda pia hakutaka kuwa msichana ambaye mpenzi wake anasuka tepe. Mambo hayo mawili yalitoka katika neno moja na hakuna wa kuyatenganisha.

"Na hilo la mkononi?" Brynlee aliuliza akionyesha kiwiko cha Weston.

"Hilo nimetengeneza mwenyewe," Adelyn akasema. "Kwa mikono yangu."

Soda ikanipalia. Nilikohoa mpaka mzee aliyekuwa karibu yangu akanipiga mgongoni. Weston aligeuza kiwiko kuelekea kwenye taa, akatazama lile ua dogo, akapitisha kidole gumba chenye plasta juu ya fundo. Lilikuwa limelala kushoto. Akainua macho akaniona. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Yeye alijua cha kufanya na wake. Alimgeukia Adelyn akasema, "Limependeza sana. Asante."

Kesho yake mama yake alinipigia simu. "Georgene, ua gani hilo mji mzima unanisifia? Padri kanisimamisha barabarani! Mimi utepe sijaushika tangu niolewe. Nikimwuliza Weston ananiambia, mama, pokea tu."

"Basi pokea," nikamwambia. Nilikuwa na hasira na mtoto wa kaka yangu, na sikujua niipeleke wapi, kwa sababu lile ua dogo nililifunga mimi.

Kilichotokea Jumatatu nilikisikia mara mbili: kwa Kocha aliyekuwa anacheka, na kwa Adelyn aliyekuwa analia, na hawakutofautiana. Kocha alikuwa anatafuta mtoto wa kuzungumza siku ya wazazi kuhusu usawa. Akasema atakayetoa mfano wa kweli kutoka maisha yake ndiye atakayepanda jukwaani, tena atapata alama zote za muhula. Mkono wa Adelyn ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Ua langu la Marejeo," alisema, amesimama wima, sauti ile ya mdahalo, "Weston alilisuka mwenyewe. Siyo mama yake. Alijifunza, akaungua vidole, na hakuona haya kufanya kazi ambayo watu huiita ya kike. Na mimi sioni haya kulisema mbele yenu. Najivunia."

Alilisema vizuri. Hicho ndicho Weston alichokiomba gerejini kwangu, neno kwa neno. Kililetwa siku tatu baadaye, mahali ambapo kinaleta alama za muhula.

Rhett akageuka kwenye kiti. "Weston, kumbe kweli?"

Weston alisimama. Kocha anasema hakuwahi kumwona akisimama darasani bila kuitwa.

"Hapana, Kocha," alisema. "Alitengeneza mama. Adelyn mwenyewe aliwaambia Ijumaa, mlikuwepo wote."

"Kweli, alisema," Brynlee akadakia. "Mimi nilimsikia."

"Weston!" Adelyn akasema.

"Ila la kwangu ndilo alitengeneza yeye," Weston akaendelea, kwa adabu, bila kumtazama. "Kwa mikono yake. Hakumpa mama, hakumpa mtu yeyote. Huo ndio mfano wa kweli, Kocha."

Kocha aliupenda sana. Alisema Adelyn ametaka kumpa mwenzake sifa isiyo yake kwa ukarimu tu, na mwenzake kwa uaminifu akamrudishia yake. Mfano gani tena unatakiwa? Akampa alama zote. Akamteua papo hapo kusema siku ya wazazi juu ya ua alilolitengeneza kwa mikono yake.

"Alama zote," Adelyn aliniambia gerejini, kamasi na machozi pamoja. "Wamenipigia makofi, Shangazi. Anajua! Anajua ni wewe, na amesema vile. Mbele ya watu wote, amenidanganyia!"

"Amesema ulichosema wewe."

"Lakini mimi nilikuwa namlinda!"

"Na yeye amekulinda. Mko sawasawa."

Alinitazama kama nimempiga kibao. Sikulirudisha lile neno. Lile ua kubwa sasa limetundikwa ukutani juu ya kitanda chake, kama wasichana wote wanavyotundika yao. Mama yake ananiambia kila akifungua mlango kuleta nguo zilizofuliwa, njuga zinalia, na Adelyn anajifunika shuka usoni.

Siku ya wazazi alizungumza. Alizungumza vizuri mno. Leonard alipiga makofi kuliko mtu yeyote, kisha akamwomba mkewe amshikie koti. Weston naye alipiga makofi. Nilimtazama makusudi.

Ijumaa iliyofuata nikampitia Adelyn kama kawaida, nikaenda kwa akina Orsak, nikapiga honi. Adelyn alikuwa amepaka midomo rangi na amejiandaa kwa maneno, maana nilimsikia njia nzima akinong'ona peke yake. Weston akatoka na viatu vya mpira vya kuvulia, ndoo mkono mmoja, fimbo ya ndoano mkono mwingine. Akainama kwenye dirisha langu.

"Samahani kwa usumbufu, Bi Georgene. Leo siendi nanyi. Ni zamu yangu kuamua, nimeamua kwenda kwa babu."

"Weston, lakini usawa ni..." Adelyn akaanza kutoka nyuma.

Weston alimsubiri amalize. Alisubiri kwa heshima kabisa, ndoo mkononi, masikio yametulia. Sentensi haikuja. Basi akagusa ukingo wa kofia, akatuaga, akashuka njia ya bwawani.

Nikamtazama Adelyn kwenye kioo. Rangi ya midomo ilikuwa imemfika kidevuni.

"Tunakwenda wapi, mama?" nikamwuliza.

"Popote," alisema. "Amua wewe, Shangazi."

Nikageuza gari, nikamrudisha kwao.